Tangi Lililozima Karatasi

Moshi wa pikapu kuukuu ukichanganyika na dizeli iliyolala ndani ya chuma kwa miaka hutoa harufu tamu kidogo, kama sukari iliyoungulia kwenye sufuria. Nilipokuwa na miaka kumi na moja niliipenda harufu hiyo. Nilikuwa nikitoka shule pale Kyebando na njaa yangu, na kabla sijaona cheche wala kusikia grenda ikilia juu ya bati, pua ilikuwa imeshaniambia kwamba leo kwenye karakana kuna tangi. Siku za milango na madirisha hazikunivutia. Lakini tangi ni kama nyumba isiyo na dirisha. Unaligonga linaitika, unasemea mdomoni mwake sauti yako inarudi ikiwa nzito kama ya mtu mzima. Watu wengi huniuliza kwa nini naongea kwa hasira nikiona mafundi wa kuchomelea wamezunguka tangi kuukuu. Nitaeleza, ingawa nimeshaeleza mara nyingi na sijaona faida yake.

Karakana ilikuwa ya mzee mmoja Mnubi ambaye kila mtu alimwita Afande. Babu yake alikuwa askari. Yeye mwenyewe hakuwahi kuvaa sare hata siku moja, lakini alirithi sauti. Aliamrisha nyundo, aliamrisha mvua, aliamrisha hata mbwa wa jirani. Baba yangu, ambaye karakana nzima ilimwita Congo, alikuwa fundi wake mkuu. Tulitoka Bukavu nikiwa bado nabebwa mgongoni, na kitu pekee ambacho Baba alifika nacho Kampala kikiwa kizima ni mkono wake wa kuchomelea. Yeye na Afande walielewana kwa Kiswahili, kila mmoja akikivunja kwa namna yake na kumcheka mwenzake. Mama alipika chai na mihogo ng'ambo ya barabara, chini ya mwavuli mkubwa uliopasuka upande mmoja, na wateja wake walikuwa haohao mafundi.

Sitaki nionekane nawaona wajinga. Walijua kitu ambacho watu wengi hawakijui hadi leo: kwamba tangi tupu la mafuta ni baya kuliko lililojaa. Mafuta yakishamwagwa, mvuke wake hubaki umejibanza kwenye kona na kwenye kutu, na cheche moja ikiukuta, chuma hufumuka kama kopo lililosahauliwa motoni. Afande aliwahi kumwona mwenzake akirushwa namna hiyo, na baada ya hapo akatafuta njia. Njia yake ilikuwa kuegesha pikapu karibu, kuvisha mpira kwenye bomba la moshi, na kuingiza moshi ndani ya tangi kutwa nzima. Moshi unasukuma hewa nje, mvuke nao unatoka, na cheche ikianguka ndani haipati cha kula. Ilifanya kazi. Nimekuja kujua ukubwani kwamba hata wenye vyeti wana namna yao ya kufanya jambo hilohilo. Karakana nyingine zilikuja kwake kujifunza, naye akiwafundisha alivimba kama anakagua gwaride.

Na alikuwa na kipimo. Kabla ya kazi alichovya kipande cha karatasi kwenye dizeli, akakiwasha, akakiteremsha kwa waya kupitia tundu la juu huku wote wamesimama mbali. Kikilipuka kidogo, moshi unaongezwa. Kikizimika kimya, tangi limetulia, kazi inaanza. Kwa kuchomelea nje, kipimo kile hakikuwahi kumdanganya. Hapo ndipo penye kuudhi. Kama kingemdanganya mara moja mapema, kwa ajali ndogo, labda wangekaa chini wafikiri.

Msimu ule wa mvua lililetwa tangi refu la mfanyabiashara mmoja wa Luzira aliyeuza dizeli kwa wenye maboti. Lilikuwa limepasuka kwenye mshono wa chini. Waliliweka limelala juu ya magogo mawili, tundu la kuingilia likitazama juu, na pikapu ikanguruma hadi jioni. Kesho yake Baba alichomelea mshono kwa nje, bila tatizo. Wakafunika tundu kwa bati ili mvua isiingie, na moshi wote ukabaki humo. Siku iliyofuata ilikuwa Jumamosi, mimi nipo, mwenye tangi akaja akakagua, akasema anataka mshono wa pili kwa ndani, maana tangi lake la kwanza lilivuja tena baada ya mwezi. Afande akamwambia hilo ni jambo dogo. Bati likaondolewa, karatasi ikawashwa, ikateremshwa. Haikufika hata katikati. Ilizimika kana kwamba mtu ameipuliza.

"Haya! Imezima!" Afande akapiga kofi. "Ndani hakuna kitu. Congo, ingia."

Nilikuwa nimesimama karibu na tairi la pikapu. Wiki ileile nilikuwa nimecheza na mshumaa na bilauri ya Mama. Unaufunika, moto unapungua, unakufa, unafunua, unawasha tena, hadi nilipochapwa. Kwa hiyo nikauliza, "Mbona imezima na karatasi bado ipo?"

"Imezima kwa sababu hakuna mvuke wa mafuta," Afande akajibu.

"Lakini hapa nje pia hakuna mvuke, na hapa inawaka."

Walicheka. Mwenye tangi alicheka kuliko wote. "Bannange! Congo, mutoto yako ni mwalimu! Tumulipe mushahara!" Baba aliona aibu. Hakunigombeza, alinitazama tu kama mtu aliyemwagiwa chai mbele ya wageni, akasema, "Furaha, nenda kwa mama yako." Nikaenda. Nimeishi miaka mingi na jambo hilo, na bado linanichoma kwamba nilikwenda polepole, nikipiga teke kijiwe, nimenuna kwa sababu nimechekwa. Nyuma yangu nilimsikia akishuka, kisha nyundo yake ikaanza kugonga kutu ndani, ko, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi kutoka upande usiofaa.

Nilimwambia Mama nimechekwa, na akaniuliza kwa nini, huku akigeuza mihogo. Nikamweleza. Mkono wake ukasimama. "Moto ulizimika wenyewe?" Nikasema ndiyo. Katika kichochoro chetu, msimu uleule wa mvua, mume na mke walikuwa wameingiza sigiri ya mkaa chumbani wapate joto, wakafunga mlango, na asubuhi Mama alikuwa mmoja wa wanawake walioosha maiti zao. Hakujua jina la hewa ile. Hakuhitaji jina. Aliacha mihogo ikiungua, akavuka barabara bila kutazama kulia wala kushoto, na tulipofika ng'ambo nilitambua kwamba nyundo imenyamaza.

Afande alikuwa ameinamia tundu, anaita. "Congo! Wewe Congo! Usifanye mchezo!" Halafu akavua viatu, akapandisha mguu mmoja kwenye tundu. Nakumbuka soksi yake, ya kijani. Mama alimrukia akamshika mkanda kwa mikono miwili, akajitupa chini na uzito wake wote.

"Mama Furaha, niache! Bwana yako anakufa!"

"Nimeona anakufa! Na wewe ukiingia utakufa juu yake! Nitawatoa wangapi?"

"Niache, mwanamke!"

"Sikuachi! Hiyo ni hewa ya sigiri! Leta upepo! Upepo!"

Wanaume wakapiga kelele kwamba amechanganyikiwa, anamzuia mtu kumwokoa mumewe. Fundi mwingine alijaribu kumbandua vidole. Mama akamng'ata. Naomba msomaji afikirie jambo hilo: mwanamke anaujua mlango mmoja tu wa kumfikia mume wake, na anaufunga kwa mwili wake mwenyewe, huku watu wanamtukana. Mimi nilikuwa nalia na nilitaka amwachie. Nasema kweli, nilitaka amwachie.

Kilichowazindua ni kijana mmoja wa kuziba pancha aliyekuwa jirani. Hakubishana na mtu. Aliburuta mpira wa kompresa yake ya kujazia matairi, akausokomeza ndani ya tundu, akafungulia. Hapo ndipo Afande alipokumbuka kwamba ana sauti. Akaamrisha watu, wakaja hata waendesha boda na wauza nyanya, wakaingiza vyuma chini ya tangi, wakalisukuma kutoka kwenye magogo, likabingirika robo mzunguko mpaka tundu likatazama ubavuni. Tulimsikia Baba akigongwagongwa ndani kama hindi kwenye debe. Bega lake lilivunjika hapo. Mtu mmoja akavuta pumzi nje, akaingiza kichwa na mikono tu huku ameshikwa miguu, akapata suruali ya Baba, wakamvuta. Baba alitoka na uso mwekundu wa kupendeza, kama ametoka kuoga maji ya moto. Nilidhani ni mzima. Mama alipoiona ile rangi, ileile aliyoiosha kwenye nyuso za wale majirani, ndipo alipoanza kupiga mayowe.

Hakufa. Alikaa hospitali siku nyingi, na aliporudi alikuwa Baba yetu, sauti ileile, mzaha uleule, ila vitu vilimdondoka kichwani. Alianza kuchomelea mlango akasahau upande gani bawaba zinakaa. Aliwasha mashine akaenda zake. Afande alimvumilia kwa upendo kwa miezi mingi, kisha akampa kazi ya kulinda lango. Mwaka uliofuata niliacha shule, nikashika kazi ya chai chini ya mwavuli wa Mama, na miguu yangu ilipochoka kusimama mahali pamoja nikaondoka kabisa.

Lakini kilichonifanya niwe mtu wa hasira ni kikao cha mafundi, wiki ile Baba akiwa bado hospitali. Walikaa wakajadili sababu. Nilikuwepo nikigawa chai. Hawakutaja moshi. Hawakutaja karatasi. Walikubaliana, wanaume wazima wenye akili, kwamba Congo alianguka kwa sababu hakunywa maziwa asubuhi. Maziwa huosha moshi kifuani, kila fundi anajua. Basi ikawekwa sheria: hakuna kuingia ndani ya tangi bila nusu lita ya maziwa. Na sheria ile waliifuata kwa uaminifu ambao ningetamani wangeutumia kwa jambo lenye maana.

Nimezunguka sana tangu wakati huo. Nimeuza mitumba, nimeosha magari, nimepikia wajenzi wa barabara. Kwenye kambi moja ya ujenzi kulikuwa na msimamizi wa usalama aliyebeba kifaa kidogo kama redio ya mkononi. Alikiteremsha ndani ya shimo au tangi, na kikilia hakuna anayeingia, hata bosi awe anafoka. Nilimsumbua kwa maswali mpaka akaacha kunikwepa wakati wa chakula. Ndiye aliyenieleza kwamba hewa inayouzuia moto usile ndiyo hiyohiyo inayomzuia mtu asivute pumzi, na kwamba moshi wa gari una sumu isiyo na harufu iliyojificha nyuma ya ile yenye harufu. Aliniambia pia kwamba watu wengi wanaofia ndani ya matangi ni wale walioingia kumtoa mwenzao. Sikuhitaji kuelezwa hilo mara mbili.

Mwezi uliopita nilipita Luzira, nikawakuta vijana watatu na tangi, mpira wa moshi umechomekwa, pakiti za maziwa zimetupwa chini. Nikasimama, nikaeleza vizuri, kwa heshima, kama ninavyoeleza hapa. Mmoja akaniita bibi kwa Kiganda: "Nyabo, sisi tuko na experience." Nikamuuliza, akiingia akaanguka humo ndani, nani atamtoa. Akacheka. Nikakaa pale kwenye kivuli cha ukuta hadi wakachoka kunitazama, wakafungua matundu yote mawili na kuahirisha kazi ya ndani mpaka kesho. Kesho yake sikuwepo. Siwezi kukaa mbele ya kila tangi la Kampala.

Nilitoka hapo nikaenda Kyebando kuwaona wazee. Baba alikuwa ukumbini, Mama anachambua mchele. Nikasimulia, nikiwa bado nimechemka, na Baba akasikiliza kwa makini sana. Siku ile ya tangi haimo kichwani mwake. Anaijua kwa kusimuliwa tu, kama habari za mtu mwingine. Nilipomaliza akatikisa kichwa. "Lakini angekuwa Afande ndani," alisema, "mimi ningeingia." Alisema kwa fahari, na najua ni kweli. Mama hakuinua macho kwenye ungo. Baba akanitazama kwa furaha, akaniuliza, mara ya tatu alasiri ile, nimefika saa ngapi.