Waya Uliohama Begani kwa Lukresia

Mwaka 1976, Lukresia wa Mwika aliteleza kando ya mfereji akiwa na mkungu wa ndizi kichwani, akaangukia bega la kulia. Mfupa wa mtulinga ukafyatuka, ukainuka chini ya ngozi. Hospitalini mjini Moshi walimpasua, wakaurudisha na kuushikiza kwa nyaya mbili.

"Wiki ya sita urudi tuzitoe," daktari alimwambia. "Mkono usiuinue kupita bega."

Wiki ya nne akaanza kusikia mchomo chini ya shingo kila akivuta pumzi.

"Kuna kitu kinatembea humu," alimwambia mumewe, Wenseslaus.

"Kitembee kiende wapi, Mama Digna? Kidonda kinapona hicho."

Tabibu wa zahanati alimpa aspirini bila hata kumgusa. Lukresia akamtazama akiandika daftarini. Huyu anaandika nini, wakati hajaniuliza panapouma? Na Wenseslaus je, anakataa kwa sababu kahawa imeiva na mikono haitoshi? Akaacha kumwamini yeyote. Kila asubuhi alipapasa ncha mbili za nyaya chini ya ngozi. Jumatano moja akaikuta moja tu.

Hakumuaga mtu. Alipanda basi la kwanza kwenda mjini.

"Shikamoo, mama," alisema muuguzi Eunike. "Mbona tarehe yako bado?"

"Marahaba. Nipigeni picha. Bila picha sitoki hapa."

Daktari aliinua picha ya eksirei dirishani, akaikazia macho bila kumgeukia.

"Unanificha nini, daktari?"

"Sikufichi. Waya mmoja umehama, unaelekea kwenye pafu. Ungesubiri tarehe yako... Uliinua mkono?"

Lukresia aliinamisha kichwa. "Nilichuma kahawa. Debe moja tu."

"Wakati mwingine huhama hata mtu akitulia."

Lukresia hakujua kama anafarijiwa au daktari anajitetea mwenyewe.

Walimpasua siku ileile. Alipozinduka, kabla ya kuomba maji, alidai kuonyeshwa nyaya zote mbili. Eunike akamletea bakuli, naye akazigusa moja moja.

Wenseslaus alifika kesho yake, kofia mkononi. "Nisamehe. Nilidhani unatafuta sababu ya kupumzika."

"Najua ulidhani hivyo," alisema Lukresia. "Ndiyo maana sikukuaga."

Mfupa uliinuka tena kidogo, na mkono haukuweza kupita sikio. Lakini alipumua bila mchomo, na tangu msimu ule matawi ya juu ya kahawa aliyachuma Wenseslaus.