Almasi Niliyomchagulia Nurdini

Mume wangu Nurdini ni sonara wa tatu katika ukoo wao. Babu yake alifua vikuku na pete hapahapa Tabora, baba yake akafuata, naye akakalia kigoda kilekile kabla hata hajaota ndevu. Duka letu ni chumba kimoja cha mbele, mtaa wa Gongoni, na watu wengi wa mji huu waliooza binti zao kwa heshima wamepita mlangoni pale. Mimi ni mkewe, Mwanahawa. Wanaonijua watakwambia nina mdomo na hasira zangu ziko karibu. Sibishani nao.

Nurdini hana mdomo. Mteja akimtukana, yeye humuuliza kama atakunywa kahawa. Sifa yake ni moja tu, kwamba hadanganyi. Ukimletea pete ya marehemu mama yako ukitaka kujua kama ni dhahabu au shaba iliyopakwa rangi, atakwambia kweli hata kama utalia dukani kwake. Wapo waliolia. Walirudi wote.

Miaka miwili iliyopita akaanza kuniuliza kwa nini nawasha taa hafifu. Taa ilikuwa ileile. Daktari akasema ni presha ya macho, kwamba mwanga uliokwisha potea haurudi, na dawa itachunga uliobaki tu. Uliobaki nao ukazidi kupungua. Leo uso wangu anaujua kwa mazoea.

Hatukumwambia mtu. Dhahabu aliendelea kuifanyia kazi kwa vidole, na vidole vyake vinajua mengi. Akija mteja na kitu cha kukaguliwa, Nurdini alibandika lenzi jichoni na kukigeuza taratibu kama zamani, nami niliyeketi ubavuni kwake na birika la kahawa nilimgusa kwa goti: mara moja kizuri, mara mbili kibaya. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nilikuwa naijua methali hiyo tangu darasa la tatu, nikajifanya siijui.

Ndipo akaja Modest, mkulima wa tumbaku wa Itetemia. Yeye na mkewe Eustadia walikuwa wanatimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa, na padri angebariki pete zao kanisani siku ya jubilei. Walipooana Modest alikuwa hana kitu, akamvisha mwenzake kipete chembamba kilichomwacha na alama ya kijani kidoleni. Sasa alitaka pete ya dhahabu yenye almasi. Amesikia siku hizi almasi zinanunuliwa mtandaoni, lakini yeye kuchagua hajui, simu inamwonyesha mawe mia na yote yanang'aa sawasawa.

"Jicho lako ndilo ninalolinunua, fundi," alimwambia Nurdini. "Jiwe ni nyongeza tu."

Nikamgonga goti mara mbili. Nikamgonga tena. Nurdini akasema amekubali.

Mteja alipotoka nilimsema mpaka mate yakanikauka. Akaniacha nimalize, kisha akasema kwamba akikataa Modest atamuuliza sababu, naye hana sababu ya kumpa isipokuwa ile ya kweli. Ile ya kweli hata mimi niliiogopa.

Basi kila siku baada ya swala ya alasiri tulikaa, simu mkononi mwangu, yeye ameegemea ukuta amefumba macho. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne lakini kinanivusha. Akanifundisha aliyofundishwa na baba yake na mengine aliyojifunza mwenyewe. Nisianze na ukubwa, ukubwa ni wa kumringia jirani. Nianze na mkato, kwa sababu jiwe kubwa lililokatwa vibaya limelala tu kama kipande cha chupa. Nitafute video jiwe likigeuzwa juu ya karatasi nyeupe, nione kama lina umanjano. Nisinunue jiwe lisilo na cheti, na cheti kitoke kwa mpimaji asiye muuzaji, na namba yake niiangalie kwenye tovuti ya mpimaji mwenyewe. Nihakikishe linarudishika. Na nisome kila neno mpaka chini, kwa kuwa muuzaji mjanja kasoro huziweka mkiani.

Alikuwa na raha siku zile, nisiseme uongo. Nilikuwa namsomea jiwe naye analiona kichwani, anacheka peke yake, anasema hili lina doa katikati, Mwanahawa, achana nalo. Tulipitia mawe zaidi ya arobaini, akayakataa yote.

Siku ya tano nikalipata. Kubwa, jeupe, limekatwa vizuri, na Modest alikuwa analimudu. Namba ya cheti nikailinganisha, ikakubali. Nurdini akaniambia nimsomee tena. Nikamsomea. Akaniambia tena. Maharage yalikuwa yanaungua jikoni, harufu imejaa nyumba nzima, na mimi nimechoka kuwa macho ya mtu mwingine. Haya nayasema kama yalivyo. Chini kabisa ya ukurasa palikuwa na sehemu ya kubonyeza ili maelezo zaidi yafunguke. Sikuibonyeza.

"Umesoma mpaka mwisho?"

"Nimesoma, mbona unaniuliza kama mtoto?"

Akasema haya, agiza.

Jiwe likaja kwa basi kutoka Dar es Salaam, limefungwa kwenye kiboksi kisichozidi kidole gumba. Nurdini akalipuliza pumzi, nikamwambia ukungu umepotea papo hapo. Akalipapasa kingo zake, akatabasamu. Almasi ya kweli, akasema. Na kweli ilikuwa almasi. Akaipachika kwenye pete kwa kugusagusa, siku tatu nzima, na sikuwahi kuona kazi yake nzuri kama ile.

Siku moja kabla ya jubilei Modest akaja na mkewe kuichukua. Eustadia alikuwa amevaa kitenge kipya, hasemi, anacheka kwa macho. Sasa kwa masonara wa ukoo huu kuna desturi: almasi haikabidhiwi kabla ya kupitishwa motoni mbele ya mwenyewe. Kioo kitapasuka, almasi itatoka salama, na mteja ataondoka bila wasiwasi. Nimeliona jambo hilo miaka yote ya ndoa yangu na halijawahi kumwaibisha mtu. Nurdini akawasha taa ya spiriti, akashika mrija wa kupulizia, akauelekeza ulimi wa moto kwenye jiwe. Kisha akaiacha pete ipoe yenyewe, akaisugua kwa kitambaa laini, akamnyooshea Eustadia.

Jiwe lilikuwa limeingia ukungu. Lote, mpaka ndani, na nyufa nyembamba zimetambaa kila upande.

Nurdini hakuona.

"Pokea mama," alisema, uso wake umejaa furaha. "Umeona lilivyo safi? Lingekuwa la uongo ungeliona hapa."

Eustadia akamtazama mumewe. Nilimgonga goti Nurdini mara mbili, mara nne, lakini alidhani nimeteleza, akaendelea kulisifu jiwe. Modest alifikiri anadhihakiwa, na nisingemlaumu.

"Almasi yangu umeipeleka wapi, Nurdini?"

Hakusema fundi tena. Akasema amesikia habari za masonara wanaobadilisha mawe ya watu, ila hakutegemea kwake. Sauti ikapanda, watu wa maduka ya jirani wakajaa mlangoni. Nurdini akairudisha pete mkononi, akabandika lenzi jichoni, akainama juu yake muda mrefu. Alikuwa haoni chochote. Nilijua, naye alijua kwamba najua. Kisha akaishusha lenzi, akainamisha kichwa, asijitetee hata kwa neno moja.

Mimi sikuweza. Nikachukua simu, nikaufungua ukurasa ule, nikabonyeza pale ambapo sikubonyeza. Maneno yalikuwa mistari miwili. Jiwe lina nyufa zilizojazwa kioo ili lionekane safi, lisifikishwe motoni. Nikayasoma kwa Kiingereza, nikayasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Aliyechagua ni mimi," nikasema. "Yeye hajabadilisha kitu. Mume wangu haoni."

Modest akaketi, akaishusha sauti, akamwita mzee kwa mara ya kwanza, akampa pole. Hakudai chochote. Niliivua bangili yangu ya arusi nikamvisha Eustadia kwa nguvu, maana alikuwa anakataa, na wakaondoka na pete yao yenye ukungu.

Nilidhani nimeliokoa jina la mume wangu. Kesho yake akaja mama mmoja kuchukua mkufu alioleta utengenezwe, akasema kwa upole kwamba hana haraka nao tena. Akaja mwingine kufuata hereni zake. Wiki nzima walikuja hivyo, kila mmoja na pole yake, wengine na matunda kama wanamtazama mgonjwa. Hakuna aliyemsema vibaya. Droo ya kazi za wateja ikabaki tupu.

Siku droo ilipoisha vitu Nurdini alikuwa kwenye kigoda chake, mikono mapajani. Nikamwambia angalau watu wanajua si mwizi.

"Ungewaacha waniite mwizi," akasema. Hakukasirika, na heri angekasirika. "Mwizi akitubu hurudi kazini. Mimi nitarudi na macho ya nani?"

Zamani ningemjibu na yangu. Nikainuka nikaenda kumletea kahawa.