Imepanda Keria

Kabla hujasema kwamba vitu viwili vinafanana, viweke pamoja mezani, ukishike kimoja baada ya kingine, uvigeuze chini juu. Ndivyo nilivyowafundisha watoto wangu, na ndivyo nilivyofanya mwenyewe siku ile nilipolinganisha magari yangu mawili ya plastiki, la zamani na jipya, mbele ya mume wangu na wifi yangu. Mjukuu wangu anayeandika maneno haya alikuwapo. Nimemwagiza asiongeze wala asipunguze, hata pale ambapo mimi mwenyewe sikutenda vyema.

Gari la kwanza nililipata Kiboko, katika miaka ya sitini. Nilikuwa nikimfulia nguo mtaalamu mmoja mgeni aliyechunguza nyasi za malisho katika kituo cha utafiti, na mume wangu alikuwa kibarua katika mashamba ya kituo hicho hicho. Mtaalamu yule alikuwa mtu mkimya. Baada ya chakula cha mchana, wenzake walipolala, yeye alikaa barazani akiunganisha magari madogo yanayotosha kiganjani. Magari hayo hayauzwi yakiwa mazima. Huja katika kisanduku cha karatasi ngumu, yakiwa vipande vipande, na vipande vyenyewe vimeshikamana na fremu ya plastiki, kila kimoja kwa kikonyo chake, kama matunda kwenye tawi. Mtu hukikata kipande kwa wembe, hukisugua, hukitia gundi, kisha hukipachika mahali pake. Mimi nilianika shuka huku nikimtazama. Nilisuka viondo tangu utotoni, na mtu anayefanya kazi bila pupa namtambua kwa vidole vyake.

Alipomaliza mkataba wake aliniambia nichague kitu kimoja katika nyumba ile. Palikuwa na sufuria nzuri, mablanketi, na kiti cha kukunja. Nilionyesha kisanduku kimoja ambacho hakikuwa kimefunguliwa. Aliniuliza mara mbili, akidhani sikumwelewa. Niliporudi nacho nyumbani, mume wangu alicheka hadi akaketi chini.

"Wake za wenzangu wameleta sufuria," akasema. "Sisi tutapikia gari."

Nilikuwa nimeipenda picha iliyokuwa juu ya kisanduku: gari la buluu likipanda kilima, na juu ya paa lake keria iliyosheheni masanduku mawili ya safari na gurudumu la akiba. Gari nililipenda, lakini keria niliipenda zaidi. Siku za soko, gari moja la namna hiyo lilikuja kuchukua viondo vyetu akina mama kuvipeleka kwenye maduka ya barabara kuu, na viondo vyangu vilifungwa juu ya keria, mahali ambapo kila mtu angeviona. Gari lisilo na keria kwangu lilikuwa gari lisilo na kazi.

Nilikiweka kisanduku juu ya kabati ningoje mavuno yaishe. Kabla hayajaisha, dada yangu alijifungua katika hospitali ya Mutomo, nikaenda kumtunza kwa siku tatu. Niliporejea, nilikuta kisanduku kimefunguliwa. Mume wangu hakukana. Alieleza kwamba alitaka kutazama tu, kifuniko kikang'oka kwa nguvu, fremu zote zikamwagika sakafuni, naye akaokota kila alichokiona.

Gari lile nililiunganisha kwa wiki moja. Herufi sikuzijua na sizijui hadi leo, lakini tarakimu nilizijua kutokana na mizani ya pamba, na karatasi ya maelekezo ilikuwa michoro na tarakimu. Vipande nilivyovitia gundi nilivibana kwa vibanio vya kuanikia nguo hadi vikakauka. Mtaalamu alikuwa ameniachia kikopo cha rangi ya buluu, nikapaka. Milango ilikaa sawa, bampa ikakaa sawa, magurudumu yakazunguka. Keria haikuwapo.

Nilihesabu tena. Ndipo nilipoona, kwenye fremu mojawapo, kikonyo kimoja kitupu, kilichovunjika ncha. Mimi sikuwa nimekikata kitu hapo, kwa maana wembe huacha alama iliyonyooka, na hapa palikuwa pamekwanyuka. Nikamwita mume wangu, nikamwonyesha kikonyo, nikamwonyesha picha, nikamwuliza keria yangu iko wapi.

Alikitazama kikonyo kwa muda mrefu. Akauliza kama inawezekana keria nzima ining'inie kwenye kitu chembamba kama sindano.

"Kibuyu changu cha pale uani kinaning'inia kwa kikonyo gani?" nikamjibu.

"Kiveti," akasema, maana ndivyo wazee wa kwetu wanavyowaita wake zao, "keria sikuiona kwa macho yangu."

Katika kanisa letu hatuapi. Neno la mtu linatosha. Neno lake halikunitosha. Niliitundika fremu ile kwenye msumari karibu na mlango, kikonyo kitupu kikiwa kimeelekea kitini pake, na hapo ikakaa; hata tulipohama baadaye niliitundika vivyo hivyo.

Mtu mwingine angechukia. Yeye aligeuza shitaka kuwa mchezo. Kuku alipopotea, alisema amepanda keria. Soksi moja ilipokosekana, imepanda keria. Watoto wakakua wakisema hivyo, na tulipohamia kwetu Kanyangi, ambako alianza kazi ya kufyatua matofali, majirani wakaiga. Mhubiri mgeni aliwahi kumwuliza shemasi wetu kitabu cha nyimbo kiko wapi, akajibiwa kwamba labda kimepanda keria, akatoka nje kukitafuta juu ya gari lake. Watu wote walicheka, isipokuwa mimi. Nilifanya shughuli zangu na kuipangusa fremu vumbi kila Jumamosi.

Miaka ishirini na zaidi ikapita hivyo. Katika miaka ya tisini, binti yetu wa pili, aliyekuwa akifanya kazi Nairobi, alikuja nyumbani akaniambia kwamba ameona dukani kisanduku chenye picha ile ile. Nilimwuliza kama ana hakika. Alisema amekua akilitazama gari lile kila siku, hawezi kukosea. Mwenye duka alikuwa amemweleza kwamba waliolitengeneza zamani wamelitoa upya, kwa ajili ya watu wazima wanaokumbuka utoto wao. Nilimwagiza akinunue, na kisanduku kisiguswe hata na mwenye duka. Kilikuja kikiwa kimefungwa kwa karatasi ya nailoni inayong'aa.

Mume wangu alielewa mara moja kwamba kile hakikuwa kitu cha kuchezea. Kilikuwa kesi yake. Alimwita dada yake, ambaye ni wifi yangu, awe shahidi. Mimi nikatoa masharti: keria ikipatikana ndani, akiri mbele ya dada yake kwamba ndiye aliyeipoteza, kisha achote maji na punda kwa mwezi mzima, akipita njia ya sokoni ambako watu watamwona.

"Na isipokuwamo?" akauliza.

"Itakuwamo."

"Nauliza tu, isipokuwamo?"

Nikasema achague mwenyewe. Alichagua jambo ambalo sikulitarajia. Alitaka nimwombe radhi kwa sauti, mbele ya dada yake. Wifi yangu aliinamisha uso akajifanya anafunga leso yake vizuri. Alinifahamu. Katika maisha yangu nilikuwa nimerekebisha makosa mengi kwa vitendo, kwa kupika chakula kizuri au kwa kunyamaza, lakini kwa sauti sikuwa nimemwomba radhi mtu yeyote.

Tulifungua mchana, baada ya ibada, mezani. Sikuruhusu mtu atafute keria kwanza. Nilisema kwamba ikiwa vitu hivi viwili si kitu kimoja, ushahidi wa kimoja hauwezi kuhukumu kingine, kwa hiyo tulinganishe. Mume wangu aliguna, akaketi.

Plastiki ya zamani ilikuwa ya rangi ya maziwa yaliyokaa; hii mpya ilikuwa nyeupe kama chokaa. Magurudumu ya zamani yalikuwa ya raba laini, mapya yalikuwa magumu na yenye kelele. Vioo vya madirisha vipya vilikuwa safi kuliko vya zamani, hilo nalikubali bila ubishi. Lakini kingo za vipande vipya hazikuwa kali. Zilikuwa na utando mwembamba pembeni ambao ungepaswa kukwanguliwa wote kabla ya kutia gundi. Nikasema kazi hii imefanywa na mtu mvivu.

"Si uvivu," mume wangu akasema, akisogeza kiti. "Kalibu imechoka. Hata yangu ya matofali, mbao zikilegea, udongo unatoa midomo hivi hivi pembeni. Ni kalibu ile ile, ila imezeeka."

"Unajuaje ni ile ile?"

Akaomba gari la zamani, akaligeuza, akaonyesha upande wa ndani wa boneti. Palikuwa na kovu dogo lililopinda, urefu wa mguu wa siafu. Kisha akaichukua boneti mpya, ambayo bado ilikuwa kwenye fremu, akaielekeza dirishani. Kovu lilikuwapo, mahali pale pale, limepinda vile vile. Kalibu yake mwenyewe ilikuwa na ufa uliotia alama kila tofali la nyumba yetu, kwa hiyo hakuhitaji mtu wa kumfundisha. Nilifurahi, nakiri hivyo. Tulikaa vichwa vyetu vikikaribiana juu ya kile kijiboneti, mashitaka yamesahaulika, hadi wifi yangu akakohoa.

Nikatoa fremu moja baada ya nyingine. Zilikuwa tatu. Nilipapasa kila kikonyo kwa kidole. Nikakitikisa kisanduku. Nikakigeuza.

Keria haikuwamo.

Nilitaraji mume wangu acheke. Hakucheka, na hilo lilinisumbua zaidi. Wifi yangu alisema labda waliotengeneza wamepunguza vitu, maana siku hizi hata sabuni inapunguzwa. Hapo ndipo mjukuu wangu, ambaye wakati huo alikuwa darasa la nne, alipokichukua kifuniko na kukitazama pembeni, palipoandikwa maandishi madogo kama mayai ya chawa.

"Susu," akaniambia, "hapa wameandika kwamba picha ni ya kupamba tu. Keria na mizigo havimo ndani."

Nilimwambia asome tena, polepole. Akasoma tena. Nikauliza kama kisanduku cha zamani kilikuwa na maandishi hayo. Nilikuwa nacho, nilikuwa nikihifadhia mbegu za mtama. Mbegu zikamwagwa kwenye ungo, kifuniko kikapanguswa, na maandishi yalikuwapo, mahali pale pale. Kwa miaka yote hiyo palikuwa na watu wa kunisomea: katibu wa kanisa, walimu, watoto wangu mwenyewe. Sikumwomba hata mmoja, kwa sababu niliona aibu mama mzima kuomba kusomewa kisanduku cha mchezo, na kwa sababu picha ilikuwa imeniambia kila kitu, nami niliiamini.

Nikasimama. Sikuona sababu ya kusema jambo hilo nikiwa nimeketi.

"Baba watoto," nikasema, "keria haikuwahi kuwamo. Nilikushitaki bure. Naomba radhi."

"Dada yangu hakusikia vizuri," akasema kwa upole.

Nikarudia. Wifi yangu alilia na kucheka pamoja.

Nilikwenda mlangoni kuiondoa fremu msumarini, maana hiyo nayo ilikuwa sehemu ya haki yake. Lakini mimi si mtu wa kuacha hesabu isiyokamilika, na kikonyo kitupu bado kilikuwa kitupu. Niliilaza fremu ya zamani juu ya ile mpya, kona kwa kona. Chini ya kikonyo kile, kwenye fremu mpya, palikuwa na kitu kidogo kama punje ya wimbi: kioo cha pembeni cha mlango wa dereva. Katika karatasi ya maelekezo kilikuwa kimechorwa pia. Mimi nilikidhania doa la wino.

Nikainua macho. Mume wangu alikuwa ameanza kutazama dari.

"Hiki nacho?" nikauliza.

Ikabidi aeleze. Siku ile fremu zilipomwagika, kitu kidogo kilikwanyuka kikaruka, akakiona kwa macho kikiingia kwenye ufa wa sakafu. Alichokonoa kwa kijiti asubuhi nzima bila kukipata. Nilipokuja na kumwuliza juu ya keria, alijibu juu ya keria.

"Hukuniuliza kioo," akasema. "Ungeniuliza, ningekiri siku hiyo hiyo."

"Miaka yote hii."

"Kila Jumamosi nilikuona ukiipangusa fremu, nikasema leo ataniuliza."

Nikajikuta nimeketi. Kicheko kilinitoka tumboni, nami si mtu wa kucheka, hata mjukuu wangu akauliza kama ninaumwa. Mume wangu akasimama kama nilivyosimama mimi, akaweka kofia yake mezani, akaniomba radhi kwa sauti juu ya kioo kimoja cha gari. Dada yake akamwambia hakusikia vizuri. Akarudia.

Jioni hiyo hiyo nilikikata kile kioo kipya kwa wembe, nikakitia kwenye gari la zamani, naye akakishikilia kwa kibanio cha nguo gundi ilipokuwa ikikauka. Gari jipya nililiunganisha polepole, nikikwangua utando wote. Kisha nikasokota mkonge mwembamba kuliko wowote niliopata kuusokota, nikasuka keria mbili na viondo vya kuwekwa juu yake, ukubwa wa njegere.

Magari yote mawili yako juu ya kabati. Kwa uzuri wa kazi, la zamani ni bora. Kwa madirisha, jipya. Wageni hutazama gari jipya, wakauliza kioo cha pembeni kiko wapi, na mume wangu hunitazama kwanza, kwa adabu, ili nijibu mimi.

"Kimepanda keria," nawaambia.