Matumbo ya Ng'ambo

Mwalimu mkuu wetu ana kanuni moja ambayo hakuna anayethubutu kuigusa: mgeni akiingia darasani, wanafunzi wanasimama, wanasalimu, na hawakai mpaka mgeni mwenyewe awaambie wakae. Niliwahi kumshuhudia bwana afya mmoja, mtu wa haya, akifundisha habari za minyoo mwanzo mpaka mwisho bila kujua kwamba darasa zima linasubiri atamke neno moja tu. Watoto walisimama na minyoo yao mpaka kengele ikalia.

Kwa hiyo tulipoletewa laptopu ya kutuunganisha na shule moja ya ng'ambo ya ziwa, upande wa Malawi, nilipaswa kuona kwamba balaa linakuja. Sikuliona. Mimi ni mwalimu wa darasa la tano hapa Lipingo, na asubuhi ile nilikuwa nagombana na waya wa sola. Nikigombana na waya huwa sifikirii kitu kingine.

Mwenye shughuli ya kweli siku hiyo alikuwa mama wa uji, mpishi wetu. Dada yake mkubwa aliolewa huko ng'ambo, karibu kabisa na shule ile, na tangu masika alikuwa anaumwa. Walikuwa wakiongea kwa simu ya kitochi, na kila akiulizwa hali, dada anajibu kwamba amepona, mzima kabisa, wasiwasi wa nini. Mama wa uji hakuamini hata herufi moja.

"Mwalimu, huyo alivunjika mguu akasema amejikwaa," aliniambia. "Mimi nataka nimwone kwa macho yangu. Nikimkuta amekonda, navuka ziwa kesho, na uji mtapika wenyewe."

Nilikubali, maana uji nikiupika mimi hata kuku wa shule hawataugusa. Tukamwomba dada aende asimame nyuma ya darasa lao saa ya vipindi. Mama wa uji akavaa kitenge chake cha Pasaka, akaacha sufuria jikoni, akaja kusimama ubavuni pangu akinukia moshi. Mara anafunga kilemba, mara anakifungua.

Laptopu ilikuwa juu ya meza yangu. Tulikuwa tumeijaribu watoto wakiwa wamekaa, na kila uso ulionekana vizuri, hata wa wale wanaojificha nisiwaulize maswali. Kioo kikawaka. Watoto wa ng'ambo wakatokea, wamekaa kwa mistari, wanapendeza.

Watoto wangu wakaona wageni. Wakasimama kwa kishindo na kuimba salamu yao ya Kiingereza. Kumbe na wale wa ng'ambo wamelelewa vilevile! Nao wakaona wageni, nao wakasimama, nao wakaimba. Ghafla hapakuwa na uso hata mmoja. Kioo kizima kilijaa matumbo: mashati, vifungo, mahali palipotakiwa kuwa na vifungo, na kitovu kimoja kilichotutazama bila aibu.

"Tafadhali, wageni wetu, kaeni," akasema mwalimu mkuu, aliyekuja kushuhudia, kwa Kiingereza chake cha siku za ukaguzi.

"Hapana," ikajibu sauti ya mwalimu wao kutoka nyuma ya matumbo. "Wageni ni ninyi. Tutakaaje sisi na ninyi mmesimama?"

"Ninyi ndio mmeingia darasani kwetu."

"Ninyi ndio mmeingia kwetu."

Nikamnong'oneza mwalimu mkuu kwamba hakuna aliyeingia popote, kila mtu yuko kwao, basi tuwaambie watoto wetu wakae yaishe. Akanitazama kana kwamba nimemtukana mama yake. Nikaamua kutumia akili yangu mwenyewe: nikaiinua laptopu na kuielekeza juu kidogo ili nizione nyuso zao. Nikaona matumbo yaleyale. Wao, kwa maelezo ya baadaye, wakaona mabati yetu na popo. Mwalimu mkuu yeye aliinama mpaka kidevu kikagusa meza, akachungulia kioo kwa chini, akitafuta nyuso zao huko juu. Mtu mwenye shahada!

"Dada yangu yuko wapi?" mama wa uji akauliza. Sauti yake ilikuwa imeanza kukatika, na mimi nikaacha kucheka. Bando lilikuwa linaisha na yeye hajaona kitu.

Hapo matumbo mawili ya mbele yakaachana, na nyuma yake likasogea tumbo jingine, pana, lililofungwa kitenge cha njano, fundo upande wa kushoto. Kichwa hakikuonekana.

"Ndiye!" mama wa uji akapiga kelele. "Anafunga kushoto tangu utotoni! Ndiye huyo!" Akaishika laptopu kwa mikono miwili, akaamuru kwa Kinyasa, "Tembenuka!"

Kinyasa hakiruhusiwi darasani kwetu, lakini ndicho walichonyonya watoto wa pande zote mbili. Mtu mzima kasema geuka. Dada akageuka. Darasa lote la ng'ambo likageuka. Darasa langu nalo likageuka. Nchi mbili zikapeana migongo kwa heshima kubwa, na nina hakika mwalimu mkuu naye aligeuka, ingawa mpaka leo anakana.

Kisha kioo kikaganda, kikazima. Bando limekwisha.

Nilijisikia vibaya sana. Maandalizi yote yale, na mama wa watu hakuambulia hata sikio la dada yake. "Pole, mama," nikamwambia. "Uso hukuuona."

"Uso wa nini, mwalimu?" Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, anajifuta kwa kilemba. "Uso ungenidanganya kama sauti. Umeliona tumbo lile? Umeona na huko nyuma? Mgonjwa anavipata wapi vitu vile? Amepona! Safari hii amesema kweli!" Akanikumbatia kwa nguvu, na mimi, niliyekuwa na hasira na kila waya wa nchi hii tangu asubuhi, nikajikuta nalia naye mbele ya darasa.

Harufu ya uji ulioungua ikaanza kuingia dirishani. Mama wa uji akaelekea mlangoni, halafu akasimama. Watoto wangu walikuwa bado wamesimama, wametazama ukuta wa nyuma, wanasubiri.

"Kaeni, wanangu," akawaambia.

Wakakaa.