Malkia wa Kila Jumapili

Viorica aliingia sebuleni na sentensi moja tu, aliyoifanyia mazoezi jikoni: "Bibi, mwisho wa mwezi naondoka." Binti yake Doina, kule Moldova, alikuwa karibu kujifungua, na Viorica alishamwahidi kwamba atakuwepo. Miezi kumi na moja ya kumwogesha Bibi Bourdillat, hapa mjini Angers, aliona inamtosha mtu kuomba ruhusa.

Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Januari. Mezani palikuwa na keki bapa ya lozi, Bibi, mdogo wake Anselme, na wifi yake Odile. Wote walishapita themanini.

"Mdogo kuliko wote aingie chini ya meza," Bibi akaamuru.

Viorica, mwenye miaka hamsini na tatu na magoti ya umri huohuo, akaingia. Kutoka kule, bila kuiona keki, angetaja kila kipande Bibi anachokata ni cha nani.

"Kipande hiki cha nani?"

Alilelewa vizuri. Akawataja wazee kwanza: Bibi, Odile, Anselme. Yeye mwisho. Alipokaa na kuuma kipande chake, jino likagonga kisanamu cha kaure kilichofichwa ndani ya keki, kidogo kama harage.

"Malkia!" Anselme akapiga kelele, akamvika taji la karatasi, la aliyekipata kisanamu.

"Na malkia ndiye anayeleta keki Jumapili ijayo," alisema Odile. "Januari nzima hivyo hivyo, mwanangu. Ndiyo desturi."

Malkia hajiuzulu siku ya kutawazwa. Viorica akaimeza sentensi yake pamoja na lozi.

Jumapili ya pili akatawazwa tena. "Una nyota wewe!" walimwambia.

Jumapili ya tatu, akiwa kule chini kati ya jozi tatu za viatu vya manyoya, alitega sikio. Kisu kilikata mara mbili, kikagonga kitu: tik. Kisha sahani ikazungushwa taratibu. Walijua atawataja kwa heshima, kwa hiyo kipande chenye kaure walikiweka mwisho, ili kila wiki adaiwe keki ya Jumapili ijayo.

"Kipande hiki cha nani?"

"Changu."

Juu, kisu kikatua sahanini.

"Wewe ni wa mwisho," alisema Anselme. "Adabu iko wapi?"

"Anayetaja ni aliye chini, Mzee. Ndiyo desturi."

Cha mwisho akampa Bibi. Kipande chake mwenyewe kilikuwa lozi tupu. Bibi hakugusa chake.

"Nimeshiba."

"Hujala kitu, Bibi."

"Nimeshiba tangu vita."

Viorica akaweka uma chini. "Doina anajifungua wiki hii. Alhamisi naondoka. Shirika lililoniajiri litaleta mtu mwingine."

Odile akatazama dirisha. Anselme akatazama makombo. Bibi akakisukuma kisahani chake, polepole, hadi mbele ya Viorica.

"Basi malizia na hiki," alisema. "Ni cha njiani tu."

Ubavuni mwa kipande, weupe wa kaure ulikuwa unachungulia.

"Hapana, Bibi," alisema Viorica, akakirudisha. "Hiki ni chako."