Kompyuta iliyokufa imeimba kwaya

Leo nimemwaibisha mtu na sijutii hata kidogo.

Asubuhi nilimpelekea fundi wa hapa Kibosho kompyuta ya binti yangu aiwekee Windows. Ripoti yake ya chuo mwisho wa kuituma ni leo. Akaiongezea kijibao kipya cha RAM, na kila akijaribu kuweka Windows, inazima katikati.

Akasema mbele ya wateja, "Mama, hii imekufa. Kaifanye kigoda cha mtungi wa pombe ya mbege."

Wakacheka wote. Nikabeba maiti yangu.

Nyumbani binti akaifungua. "Mama, RAM aliyoongeza haipatani na ile ya zamani." Akaichomoa. Windows ikaingia mpaka mwisho, ripoti ikaenda.

Ningekaa kimya? Nikairudisha dukani, nikafungulia kwaya kwa sauti yote.

"Baba, maiti wako mbona anaimba?"

Safari hii wakamcheka yeye.

Sasa hivi fundi amesimama getini kwangu na jani la isale, anaomba msamaha. Wachagga wenzangu mnajua, isale halikataliwi.

Nitalipokea, nikimaliza kumenya ndizi.

Semeni jamani, nimenye mkungu mmoja au miwili?