Maji Meupe ya Bi Mikono

Mtaa mzima ulimwita Bi Mikono, maana mikono yake haikukaa na rangi moja: leo bluu hadi viwikoni, kesho zambarau. Alikuwa fundi wa kutia vitambaa rangi, na katika kazi hiyo jicho ndilo hakimu. Maji yenye rangi ni machafu, meupe ni masafi. Hapo hakuhitaji mwalimu.

Maji yake machafu yalitoka uani kwa mfereji mpaka bustani ya mboga ya dada yake, na hayo ndiyo yaliyowakosanisha. Tangu siku mboga zilipofurikwa na maji mekundu, dada hakukanyaga tena kwake, hata salamu haitikii. Bi Mikono aliumia sana. Ndugu wa tumbo moja aliyebaki naye duniani alikuwa huyo tu.

Binti yake, mfanyakazi wa maabara, akaleta ndoo ya tope, akalimimina kwenye shimo la maji machafu pale uani, kabla ya mfereji, na kulifunika.

"Humu mna bakteria, mama. Watakula rangi."

"Rangi za kiwandani? Mimi nasugua kwa sabuni hazitoki, mdudu asiyeonekana atazitafuna kwa meno gani?"

"Wewe usikoroge tu. Hawa hawataki hewa."

Fundi wa rangi kuambiwa asikoroge! Mkono ulimwasha, lakini alijizuia.

Alipofunua baadaye, maji yalikuwa meupe pe. Alikodoa macho. Shimo halikuguswa na mtu, basi rangi imekwenda wapi? Furaha ilimzidi, akafungulia mfereji. Haukupita muda, dada yake huyo, ndoo mkononi, ameyaona maji meupe bustanini; akamkumbatia pale pale uani. Wote wawili walilia.

Ndipo binti akaingia mbio.

"Mama, nani kakwambia ufungue? Wameikatakata rangi tu! Vipande vyake havionekani, na vingine vina sumu. Maji yalitakiwa yaende shimo la pili, yapate hewa, bakteria wengine wavimalize."

"Si ulisema hawataki hewa?"

"Wale wa kwanza, mama. Hawa wanaitaka."

"Kwa hiyo mekundu mabaya, na haya meupe pia mabaya?"

"Kwa sasa, ndiyo."

Binti alikimbilia kuziba mfereji, lakini ulikuwa umeshajaa.

"Dada, usichote," alisema Bi Mikono.

"Umeanza tena, mdogo wangu? Maji yanaonekana mpaka chini!" Dada akainama na ndoo yake.

Bi Mikono hakuelewa hewa, wala vipande. Alichoelewa ni ile ndoo. Alichota konzi ya unga mwekundu wa rangi kwenye kopo, akaumwaga mferejini mbele ya macho ya dada yake.

Dada alisimama na ndoo tupu, akamtazama. Kisha akaondoka bila kuaga.

"Nitakwenda kumweleza," alisema binti.

Bi Mikono aliitazama mikono yake, myekundu tena, machozi yakimlengalenga.

"Kwanza nieleze mimi."